Zenkyoto, Beheiren, Sanrizuka au Rengo Sekigun: uanzie wapi kuusoma mrengo wa kushoto wenye siasa kali wa Japani?

Mtu akitaka kujua habari za mrengo wa kushoto wenye siasa kali nchini Japani, mara nyingi mlango wa kwanza anaofunguliwa ni ule wa damu. Anakutana na picha za Februari 1972: nyumba ya mapumziko kwenye mteremko wenye theluji, tufe la chuma likining'inia kwenye winchi na kubomoa ukuta, askari wamejikunyata nyuma ya ngao. Anasoma, anashtuka, anafunga kitabu, na tangu siku hiyo anaamini kwamba hiyo ndiyo habari yote. Jambo hili linaniuma. Miaka ile watu mamia kwa maelfu waliingia barabarani Japani kwa sababu nyingi tofauti, na walio wengi hawakumuua mtu.

Nawaandikia waliokwama kuchagua. Pengine wewe ni mwanafunzi unayetafuta mada ya tasnifu, au mwalimu unayetaka mfano mmoja mzuri wa kufundishia, au mwanaharakati unayetaka kujifunza kwa waliotangulia. Huwezi kusoma kila kitu, kwa hiyo nimeweka manne mezani: Beheiren, mtandao wa raia waliopinga vita vya Vietnam, Zenkyoto, kamati za wanafunzi zilizofunga vyuo vikuu mwaka 1968 na 1969, Sanrizuka, mapambano ya wakulima dhidi ya uwanja wa ndege wa Narita, na Rengo Sekigun, yaani Jeshi Jekundu la Muungano, lililomalizikia kwenye nyumba ile ya theluji.

Vigezo

Nitayapima yote kwa maswali matano yale yale. Walidai nini? Nani waliingia? Nani aliamua, na aliyetaka kuondoka aliondokaje? Walitumia njia gani, na nani alilipa gharama? Mwisho, kimebaki nini ambacho msomaji wa leo anaweza kukishika?

Swali la tatu ndilo ninalolithamini kuliko mengine. Madai ya makundi haya ukiyasoma kwenye vipeperushi yanafanana sana: ubeberu, Vietnam, mkataba na Marekani, mapinduzi. Ukiuliza kuhusu mlango wa kutokea, ndipo yanapoachana kama mbingu na ardhi.

Majina ya Wajapani nimeyaandika kwa utaratibu wao, jina la ukoo likitangulia.

Walikotoka

Chama cha Kikomunisti cha Japani, kilichoanzishwa mwaka 1922, kilijaribu mapambano ya silaha mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha mwaka 1955 kikaachana nayo. Vijana waliokuwa wametumwa milimani kwa amri ya chama wakaambiwa kwamba amri ile ilikuwa makosa. Mwaka uliofuata zikaja habari za uhalifu wa Stalin, na vifaru vya Kisovieti vikaingia Hungaria. Wanafunzi wengi walikata tamaa na chama wakaunda makundi yao nje yake. Hao ndio walioitwa Mrengo Mpya wa Kushoto.

Mwaka 1960 walikuwa mstari wa mbele kupinga mkataba mpya wa usalama kati ya Japani na Marekani, uliosukumwa na Waziri Mkuu Kishi Nobusuke. Tarehe 15 Juni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Kanba Michiko, alifariki katika makabiliano na polisi kwenye eneo la Bunge. Ziara ya Rais Eisenhower ikafutwa, Kishi akajiuzulu, lakini mkataba ukapita. Waliokuja baadaye wote walilirithi funzo hilo chungu, kwamba unaweza kumng'oa waziri mkuu na bado ukashindwa.

Walidai nini

Beheiren ilianza Aprili 1965, Marekani ilipokuwa imeanza kuishambulia Vietnam Kaskazini kwa mabomu mfululizo. Jina lake refu maana yake ni muungano wa raia kwa ajili ya amani Vietnam. Walitaka vita vikome, Vietnam iachiwe Wavietnam, na serikali ya Japani iache kushiriki. Mwandishi Oda Makoto, aliyekuwa sauti yake kuu, aliishi utotoni mwake chini ya mabomu yaliyoteketeza Osaka mwaka 1945. Wazo lake lilikuwa zito kwa Wajapani wa wakati ule, waliokwisha kuzoea kujiona wahanga tu wa vita. Alisema mhanga naye anaweza kumtesa mwingine. Ndege na manowari zilizokwenda Vietnam zilipitia kambi zilizokuwa kwenye ardhi yao, na viwanda vyao vilikuwa vikipata faida.

Zenkyoto walianza na malalamiko ya kawaida kabisa ya wanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha Tokyo mgogoro uliwaka mwanzoni mwa 1968 kwenye kitivo cha tiba, juu ya mafunzo ya kazi hospitalini ambayo vijana waliyafanya bila malipo ya maana. Uongozi uliwaadhibu wanafunzi, na mmoja wao ikaonekana kwamba siku ya tukio hakuwepo hata Tokyo. Badala ya kukiri haraka, wakubwa waling'ang'ania. Katika Chuo Kikuu cha Nihon, kikubwa kuliko vyote nchini kwa idadi ya wanafunzi, wakaguzi wa kodi waligundua mwaka huo huo kwamba matumizi ya takriban yen bilioni 2 hayakuwa na maelezo. Ada zilikuwa juu, madarasa yamefurika, na fedha haijulikani ilipokwenda. Kutoka hapo swali likakua: chuo kikuu ni cha nini, na mimi ninayesoma hapa natayarishwa kumtumikia nani? Wa Tokyo waliliita jambo hilo kujikana nafsi, maana walijua kwamba kesho wangekuwa mabosi wa mfumo walioupinga leo.

Sanrizuka dai lilikuwa moja na lilishikika mkononi: ardhi. Julai 1966 baraza la mawaziri liliamua kwamba uwanja mpya wa kimataifa utajengwa hapo, katika mkoa wa Chiba, kwa sababu Haneda, uwanja wa ndege wa Tokyo, umejaa. Wakulima walizisikia habari hizi kwenye vyombo vya habari kama watu wengine wote. Hakuna aliyewaita kikaoni. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuamka akakuta alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa nyumba yake hahitaji kuelezwa zaidi.

Rengo Sekigun walitaka mapinduzi ya dunia kwa mtutu wa bunduki. Kundi hili lilizaliwa Julai 1971 kwa kuunganishwa makundi mawili yaliyokuwa yakisakwa na polisi. Moja lilikuwa na fedha zilizoporwa benki. La pili lilikuwa na bunduki zilizoibwa dukani Mooka, mkoa wa Tochigi, mwezi Februari mwaka huo. Kwa maneno mengine, walichounganisha kwanza kilikuwa fedha na silaha, na fikra za kisiasa za pande zile mbili zilibaki mbalimbali hadi mwisho. Kwa maoni yangu hapo ndipo maafa yalipoanzia.

Nani waliingia

Beheiren walikuwa waandishi, wanafalsafa kama Tsurumi Shunsuke, akina mama wa nyumbani, wanafunzi wasiotaka kufungwa na chama chochote, wafanyakazi wa ofisini waliokuja baada ya kazi. Hapakuwa na kadi wala orodha ya wanachama. Kote nchini yalichipuka makundi ya jina hilo zaidi ya 300, na hakuna aliyehitaji kibali.

Zenkyoto walikuwa wanafunzi, na humo ndani palikuwa na tofauti. Nihon walijaa watoto wa watu wa kawaida, wengi hawajawahi kuandamana maishani. Kiongozi wao alikuwa Akita Akehiro. Tokyo kiongozi alikuwa Yamamoto Yoshitaka, mwanafunzi wa uzamili na uzamivu katika fizikia. Makundi ya kisiasa yaliyopangika nayo yaliingia, kila moja na kofia ngumu ya rangi yake: nyeupe, nyekundu, buluu. Anayezijua rangi hizo anaitazama picha ya maandamano ya 1968 na kuisoma kama ramani.

Jambo moja watu hulipita haraka. Nyuma ya vizuizi vya samani, wasichana wengi walijikuta wakifinyanga matonge ya wali kwa ajili ya wanaume waliokuwa wakizungumzia ukombozi wa binadamu. Kutokana na hasira hiyo, mwaka 1970 Tanaka Mitsu aliandika kipeperushi chake kikali kuhusu ukombozi wa wanawake, na harakati mpya ikazaliwa. Ukichagua Zenkyoto, usiisome bila wanawake hawa.

Sanrizuka walikuwa familia nzima. Wengi walikuwa wamepewa mapori baada ya vita, wakayafyeka kwa jembe la mkono, na ndiyo kwanza udongo ulikuwa umeanza kuwalipa. Umoja wao wa kupinga uliongozwa na Tomura Issaku, Mkristo, mchongaji sanamu na muuza zana za kilimo. Ulikuwa na vikosi vya wazee, vya wanawake, vya vijana, hata vya watoto. Baadaye wanafunzi wa Mrengo Mpya walimiminika kuwaunga mkono, wakajenga vibanda, wakasaidia kuvuna. Watengenezaji filamu nao walihamia wakaishi nao kwa miaka.

Rengo Sekigun walikuwa wachache mno. Walioingia kwenye kambi za milimani hawakufika 30. Viongozi walikuwa Mori Tsuneo na Nagata Hiroko. Mdogo kuliko wote alikuwa mvulana wa miaka 16, aliyekuja pamoja na kaka zake wawili.

Nani aliamua, na mlango wa kutokea ulikuwa wapi

Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ndipo uzito ulipo.

Beheiren walikuwa na kanuni zinazoingia kwenye kiganja: aliyetoa wazo ndiye alitekeleze, usiwalalamikie wengine kwa wanachofanya, fanya unachopenda kufanya. Hapakuwa na kamati kuu ya kumzuia mtu, wala ya kumlazimisha. Kuondoka kulikuwa kutokuja wiki ijayo. Udhaifu wake uko wazi: umoja usio na orodha hauwezi kuahidi kwamba kesho utakuwa na watu. Hata hivyo uliishi karibu miaka tisa, ukavunjwa na wenyewe Januari 1974, baada ya mkataba wa amani wa Paris.

Zenkyoto waliamua kwenye mikutano ya hadhara, chini ya hotuba ndefu na makofi. Aliyekuwepo alikuwa na sauti, asiyekuwepo hakuwa nayo. Hilo liliwapa nguvu kubwa. Tarehe 30 Septemba 1968 wanafunzi wa Nihon walijazana kwenye ukumbi wa Ryogoku na kumkalisha rais wa chuo, Furuta Jujiro, mpaka akakubali madai yao. Siku chache baadaye Waziri Mkuu Sato Eisaku akayakemea makubaliano hayo, na yakavunjwa. Mlango wa kutokea ulikuwepo: wengi walinyoa nywele, wakavaa suti, wakaajiriwa na makampuni. Waliutumia kwa aibu fulani, na aibu hiyo wengine wameibeba hadi uzeeni.

Sanrizuka mlango ulikuwa fidia. Kuondoka kulimaanisha kuuza shamba, na kuuza kulimaanisha kuiachia serikali kipande ambacho jirani yako alikitegemea kama ngao. Vijiji vikagawanyika, na waliokuwa wakisaidiana kupanda wakaacha kusalimiana. Usidhani waliouza walikuwa wasaliti wote. Wengine walikuwa na wagonjwa, wengine na madeni, wengine walichoka. Usidhani pia waliobaki walikuwa watakatifu wote. Machi 1983 umoja wenyewe ulipasuka pande mbili, na mwaka uliofuata wafuasi wa Chukaku, mojawapo ya makundi ya Mrengo Mpya, waliwashambulia watu wa upande wa pili majumbani mwao.

Rengo Sekigun hapakuwa na mlango. Wawili wa kwanza kuuawa, Agosti 1971, kabla kambi hazijaunganishwa kikamilifu, waliuawa kwa kosa la kutoroka. Kisha, majira ya baridi, huko milima ya Gunma, likaja neno sokatsu. Katika vyama na harakati za Kijapani neno hili lilikuwa la kawaida: baada ya mgomo au maandamano mnakaa, mnajumlisha mlichofanya, mnataja makosa. Mori na Nagata waliligeuza kuwa mtihani wa roho. Toyama Mieko alikosolewa kwa kuvaa pete. Pete kidoleni, kwenye kambi ya mapinduzi. Kutoka kwenye pete walifika kwenye kumlazimisha ajipige mwenyewe usoni, na Januari 1972 akafa. Wengine walipigwa na wenzao, wakafungwa kwenye nguzo, wakaachwa kwenye baridi, eti ili wazaliwe upya kama wanamapinduzi. Aliyekufa ilisemwa amekufa kwa kushindwa, yaani kosa ni lake. Mmoja alikuwa mjamzito wa miezi minane. Katika wiki zipatazo sita walikufa 12, akiwemo kaka mkubwa wa yule mvulana wa miaka 16.

Wachache walifanikiwa kutoroka mwezi Februari. Ndiyo maana wako hai waliosimulia.

Njia walizotumia na waliolipa gharama

Beheiren walitumia maandamano, mijadala ya usiku kucha, matangazo. Mwezi Novemba 1965 walichangishana wakanunua ukurasa mzima wa gazeti la New York Times kuwasemesha Wamarekani moja kwa moja. Oktoba 1967 wakafanya jambo zito zaidi: mabaharia wanne wa Marekani waliotoroka kutoka manowari ya kubeba ndege Intrepid, iliyokuwa imetia nanga Yokosuka, walifichwa majumbani mwa watu wa kawaida, wakapandishwa meli ya Kisovieti, na hatimaye wakapokelewa Sweden. Wengine walifuata, mpaka mwaka 1968 jasusi alipojipenyeza akijifanya mtoro, na njia ile ikavunjika. Wapo wasemao Beheiren haistahili kuitwa ya siasa kali. Mimi nasema raia anayemficha askari mtoro wa dola kubwa chini ya mkeka wake wa tatami amechukua hatua kali kuliko wengi waliobeba marungu.

Kuna kisa kingine kidogo ninachokipenda. Mwaka 1969, kwenye ukumbi wa chini wa kituo cha Shinjuku, upande wa magharibi, vijana wenye magitaa walikuwa wakikusanyika Jumamosi kuimba nyimbo za kupinga vita, na maelfu wakisimama kusikiliza. Mwezi Julai kibao kikabadilishwa. Palipoandikwa uwanja pakaandikwa njia. Uwanjani mtu hukaa; njiani anatakiwa apite. Polisi wakapata neno la kuwafukuzia.

Zenkyoto walitumia mgomo na vizuizi, kisha magongo marefu ya mbao. Kilele kilikuwa tarehe 18 na 19 Januari 1969, askari wa kutuliza ghasia wapatao 8,500 walipouzingira ukumbi wa Yasuda wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Maji ya shinikizo kutoka chini, mabomu ya machozi kutoka kwenye helikopta, mawe na chupa za petroli kutoka juu. Kipaza sauti cha mnara wa saa kilitangaza hadi dakika za mwisho kwamba matangazo yanasitishwa tu, mpaka siku mnara utakaposema tena. Mitihani ya kuingia chuo hicho mwaka ule ilifutwa. Baadaye, makundi yenye kofia za rangi yaligeukiana yenyewe kwa yenyewe, na mauaji ya wao kwa wao katika miaka ya 1970 na baadaye yaliua watu wasiopungua 100. Gharama hiyo haionekani kwenye picha za Yasuda, lakini ni ya nyumba ile ile.

Sanrizuka njia zilikuwa nyingi na za kibunifu. Walichimba mahandaki na kujifungia humo. Wanawake walijifunga kwa minyororo kwenye miti iliyokuwa ikatwe. Walirusha mifuko ya kinyesi. Waligawa vipande vya ardhi vya tsubo moja, kama mita 3.3 za mraba, kwa wamiliki wengi, ili serikali ilazimike kumfuata kila mmoja. Damu nayo ilimwagika. Tarehe 16 Septemba 1971, wakati wa utwaaji wa pili wa ardhi, polisi watatu waliuawa. Siku nne baadaye bibi mkulima, Ohki Yone, alikuwa akipura mpunga nyumbani kwake, siku ambayo wakuu walikuwa wamesema hapatakuwa na utekelezaji. Walimtoa kwa nguvu na nyumba ikabomolewa. Mwezi uliofuata kijana mmoja wa kijijini alijiua. Tarehe 26 Machi 1978, siku nne kabla ya uzinduzi, waandamanaji walipenya hadi mnara wa kuongozea ndege wakavunja mitambo. Uwanja ukafunguliwa tarehe 20 Mei, ukiwa na njia moja tu ya kurukia, na njia ya pili haikufunguliwa hadi 2002.

Rengo Sekigun, baada ya viongozi wake wawili kukamatwa, watano waliobaki walikimbilia nyumba ya mapumziko ya Asama huko Karuizawa, wakamteka mke wa mlinzi wa nyumba hiyo. Ilikuwa 19 hadi 28 Februari 1972, saa 219 kwa jumla. Mateka alitoka hai. Polisi wawili na raia mmoja waliuawa. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba chakula cha askari kiliganda, wakala tambi za kikombe zilizotiwa maji ya moto, bidhaa iliyokuwa na miezi michache tu sokoni, na taifa zima likawatazama wakila kwenye televisheni. Miili ya wale 12 iligunduliwa baada ya hapo. Watu waliokuwa na huruma kidogo kwa vijana hao waliipoteza ndani ya mwezi mmoja.

Tahadhari moja: usilichanganye kundi hili na Jeshi Jekundu la Japani la Shigenobu Fusako, lililokuwa Lebanoni na ambalo watu wake waliua watu 26 kwenye uwanja wa ndege wa Lod tarehe 30 Mei 1972. Wala usilichanganye na waliolipua makao ya Mitsubishi Heavy Industries Tokyo tarehe 30 Agosti 1974 na kuua watu 8. Wametokana na joto lile lile, lakini ni habari nyingine, na kila moja inadai kitabu chake.

Kimebaki nini

Nyaraka za Beheiren zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rikkyo, Tokyo. Mwaka 2004 Oda na Tsurumi walikuwa miongoni mwa watu tisa walioanzisha chama cha kutetea ibara ya 9 ya katiba, ile inayokataza vita.

Zenkyoto wameacha karatasi nyingi mno. Yamamoto mwenyewe hakurudi chuoni. Alifundisha kwenye shule za kuandaa mitihani, akawa mwanahistoria wa sayansi anayeheshimika, na alikusanya vipeperushi vya mgogoro wa Tokyo vikahifadhiwa kwenye Maktaba ya Taifa ya Bunge. Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Japani, mjini Sakura, yalifanya maonyesho juu ya 1968 mwaka 2017.

Sanrizuka kimebaki kwenye udongo. Kwa miongo mingi mboga zililimwa ndani ya eneo la uwanja, ndege zikipita juu ya vichwa vya walimaji. Hadi Machi 2015, kila aliyeingia Narita, hata wa kumpokea shangazi yake, alionyesha kitambulisho getini. Katika mazungumzo ya miaka ya 1990 serikali ilikiri kwamba njia yake ya mwanzo ilikuwa na makosa.

Rengo Sekigun kimebaki katika kumbukumbu za mahakama na masimulizi ya walionusurika. Mori alijiua mahabusu siku ya mwaka mpya 1973. Nagata alihukumiwa kifo, akafa kwa ugonjwa gerezani mwaka 2011. Kimebaki pia katika woga: Wajapani wengi waliozaliwa baadaye wakisikia mtu anazungumza siasa kwa ukali, wanakumbuka theluji ile.

Kulingana na hali yako

Kama wewe ni mwanaharakati, au una kikundi kidogo kisicho na fedha, anza na Beheiren. Soma hasa jinsi walivyogawana kazi na jinsi walivyokubali kufunga duka kazi ilipokwisha. Hutapata humo nadharia nzito ya dola au uchumi.

Kama uko chuoni na unataka kuandika juu ya elimu, ada, uongozi wa vyuo au jinsia, Zenkyoto itakutosha kwa miaka. Chagua chuo kimoja. Nihon haijasomwa sana kama Tokyo, na kwa mwanafunzi aliyekaa darasa lililofurika huenda ndiyo itakayomgusa zaidi. Jiandae kwa lugha ya vipeperushi, ambayo ni ngumu hata kwa Mjapani wa leo.

Kama unasoma sheria ya ardhi, mipango miji, kilimo au uhusiano wa serikali na wanakijiji, chukua Sanrizuka. Ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo inayokulazimisha kuwasikiliza watu wa pande zote: waliouza, waliobaki, familia za polisi, wahandisi.

Kama unataka kuelewa jinsi kundi dogo linavyojifungia na kujiua, iwe la siasa au la dini, Rengo Sekigun ina mengi ya kukuonyesha. Ila usianze nayo ukiwa peke yako na ukiwa na mwezi mmoja tu. Isome baada ya angalau moja kati ya zile tatu, ili wale 12 uwaone kama vijana waliotoka kwenye maandamano yale yale ya wenzao, wakiwa na mama nyumbani wanaowasubiri.

Mwalimu mwenye vipindi viwili tu: kipindi cha kwanza toa mabaharia wanne wa Intrepid, cha pili toa bibi Ohki na mpunga wake. Wanafunzi watauliza mengine wenyewe.

Na kama safari yako ya ndege inapitia Narita na una saa kadhaa za kusubiri, karibu na uwanja, mji wa Shibayama, kuna makumbusho ya historia ya uwanja huo na wakazi wake, yaliyofunguliwa mwaka 2011. Humo utakuta kofia ngumu, mabango na picha za wakulima. Ukitoka, nje utaisikia ndege inaruka.